Hakuna Kushuka Garini

Kila mwezi nakaa hapa kukushauri mambo ya mapenzi na ndoa. Mwezi huu nakuletea yangu mwenyewe, naomba usinicheke.

Mwezi uliopita mimi na mke wangu tulikwenda Mikumi kusherehekea miaka minne ya ndoa. Kwa sisi wa Dar si mbali, kama kilomita 300 tu kwa barabara ya Morogoro, na ukiwa na gari lililonyanyuka kidogo unaingia nalo mwenyewe. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa macho. Geti lilipofunguliwa saa kumi na mbili, tulikuwa wa kwanza kwenye foleni. Wanyama ni wa kuwahi, si unajua tena. Jua likishapanda simba anatafuta kivuli, na huyo bwana akilala amelala kweli, anaweza kufikisha hata saa 20 kwa siku.

Getini askari alitukumbusha sheria: msitoke nje ya barabara, msipige honi, msishuke garini isipokuwa sehemu zilizotengwa. Nikajibu, "Sawa, afande." Kumbe hiyo ya mwisho ilikuwa inanihusu mimi.

Sasa nikwambie ukweli. Nilikuwa na siri ya miezi mitano. Katika pesa tulizokuwa tunaweka pamoja kwa ajili ya kiwanja, nilichukua milioni tatu nikampa mdogo wangu aliyekwama kwenye biashara. Mke wangu sikumwambia. Kila nikitaka kusema, mara simu inaita, mara "natoka kidogo", narudi saa nne usiku. Nyumbani milango ya kutokea ni mingi jamani.

Basi, tukaingia mbuga ya Mkata. Ukungu ulikuwa bado haujaisha, pundamilia na nyumbu wanakula majani pamoja. Mbele kidogo kundi la tembo likaanza kuvuka barabara, nikazima gari. Tembo huongozwa na jike mkubwa kiumri. Huyu alisimama katikati ya njia akatukazia macho, masikio kayatanua, mpaka watoto wote wakamaliza kupita.

"Huyu mama hana mchezo na familia yake," mke wangu akanong'ona. Kisha akanishika mkono. "Tukirudi, mume wangu, twende kwa yule dalali tukalipie kiwanja chetu."

Moyo ulinilipuka paa! Nikasema yote, pale pale.

Hakupiga kelele. Mkono wake ulikwenda kwenye kitasa cha mlango, ukasimama, ukarudi mapajani. "Una bahati hairuhusiwi kushuka," akasema. Nikaanza kujieleza, oh mdogo wangu alikuwa na hali mbaya, akanikatisha. "Nyamaza. Shemeji yangu akikwama ningekukatalia? Hainiumi milioni tatu. Inaniuma kwamba nimekuuliza mara ngapi, na kila siku unaniambia pesa ipo."

Sikuwa na jibu. Tuliendesha karibu saa nzima bila neno. Twiga walipita, hakuna aliyemwonyesha mwenzake.

Kwenye bwawa la viboko, ambapo kushuka kunaruhusiwa, alishuka akasimama peke yake muda mrefu. Nikajua leo narudi Dar na basi. Lakini alikuja na chupa ya chai, akanimiminia kikombe. "Jumatatu tunakwenda benki," akasema. "Akaunti ya saini mbili. Na mdogo wako atanieleza mwenyewe analipa lini."

Mpenzi msomaji, nisikudanganye kwamba yameisha. Akaunti tumefungua, mdogo wangu ameleta laki mbili za kwanza, ila mke wangu bado kuna siku ananiuliza jambo mara mbili. Ni haki yake, nami namjibu mara mbili.

Si lazima uende Mikumi. Kama una kitu kimekukaa rohoni, mchukue mwenzio asubuhi na mapema kabla simu hazijaanza, mkae mahali ambapo hakuna wa kutoka. Ukishasema, zima injini. Mwache naye aseme.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.