Mama Aliyegawa Saa Zake

Mara nyingi mazikoni twasikia baba akisifiwa kwa kazi zake, lakini akizikwa mama husemwa tu, "Alikaa nyumbani, akalea." Kana kwamba ni jambo dogo! Mwezi huu twapenda kumkumbuka mama mmoja aliyekaa nyumbani, tupate kuona kukaa kwake kulikuwaje.

Ndiye Susanna Wesley wa Uingereza, aliyezaliwa London mwaka 1669. Aliolewa na kasisi Samuel Wesley, wakakaa miaka mingi katika mji mdogo wa Epworth. Alizaa watoto 19, na tisa katika hao walikufa wangali wachanga. Mwaka 1705 mumewe alifungwa kwa sababu ya deni. Mama akampelekea pete zake aziuze, naye akazirudisha. Mwaka 1709 nyumba yao iliteketea usiku, na mwana wao John, mtoto wa miaka mitano, akaopolewa dirishani.

Katika taabu hizo zote nyumba yake ilikuwa shule. Mtoto alipotimiza miaka mitano alifundishwa herufi, na karibu wote walizijua kwa siku moja. Kisha wakaanza kusoma kitabu cha Mwanzo. Masomo yalikuwa saa tatu asubuhi na saa tatu alasiri. Tena aliweka sheria hii: binti asifundishwe kushona mpaka ajue kusoma vizuri. Je, kwetu ni wangapi wafanyao hivyo? Binti huitwa kuchota maji na kubeba mdogo wake, na kitabu chake huliwa na mchwa.

Zaidi ya hayo, kila jioni alimwita mtoto kwa zamu yake, akazungumza naye faraghani habari za moyo wake. Zamu ya John ilikuwa Alhamisi. Hata alipokuwa mtu mzima, mwalimu huko Oxford, alimwandikia mamaye kumwomba sehemu ile ndogo ya Alhamisi jioni.

Hapo dhamiri yatushitaki sisi wenyewe. Twafundisha watoto wa watu tangu asubuhi, na jioni watoto wetu hutukuta tumechoka. Hatuwapi hata robo saa.

Susanna alifariki London mwezi wa Julai 1742, mwenye umri wa miaka 73. John na dada zake walikuwapo kitandani pake. Alikuwa amewaagiza kwamba akiisha kufunguliwa waimbe zaburi ya sifa. Nao wakaimba, ijapokuwa kwa machozi.

Basi, tusingoje mazishi ndipo tuseme. Mwenye mama mzee aliye hai na aende amshukuru angali asikia. Na jioni ya leo, kila mzazi na amwite mtoto mmoja, akae naye, amsikilize. Kesho ni zamu ya mwingine.