MOYO WA MAMA (4): Valvu inayopitia pajani, na koo la mwanao

Haya mama, tuendelee. Juzi mmoja wenu kanitumia video: bibi wa Ulaya anawekewa valvu mpya ya moyo bila kupasuliwa kifua. Akauliza, "Nesi, hii ni kweli au ni mambo ya mtandaoni?"

Ni kweli. Valvu ni vimilango vya moyo, viko vinne, vinazuia damu isirudi ilikotoka. Mwaka 2002 kule Rouen, Ufaransa, Dkt. Alain Cribier alimwekea mgonjwa ya kwanza kupitia mshipa wa pajani. Inakunjwa, inapenyezwa na mrija mwembamba mpaka kwenye moyo, inafunguliwa ndani ya ile iliyochoka. Walianza na wagonjwa ambao wakipasuliwa hawatoki. Mimi naikubali kabisa.

Ila ya bibi yule imekakamaa kwa uzee. Ninayemwona mimi wodini ana miaka ishirini na kitu, mimba ya miezi saba, katoka Makambako kwa basi. Hawezi kulala chali. Anahema kama kapanda mlima, na nyumbani wamemwambia ni mimba tu, vumilia. Kumbe valvu yake iliharibika utotoni.

Iliharibikaje? Koo. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anapata bakteria wa koo, hatibiwi, wiki chache baadaye anapata homa ya rumatiki: viungo vinavimba, vinahamahama, na moyo unaguswa. Halafu kimya, miaka inapita.

Huyu naye anaweza kusaidiwa kwa njia ya pajani, valvu iliyobana inatanuliwa kwa puto, lakini si kila valvu inafaa. Na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar, kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Akiwekewa valvu ya chuma, atameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na dawa hiyo kwenye mimba ni mtihani mwingine.

Ndiyo maana nakasirika (samahani, nakasirika kweli) nikisikia mtoto anaumwa koo kapelekwa kukatwa kimeo. Kimeo hakina kosa! Kukikata hakuui bakteria, unamwongezea kidonda.

Baridi hii ya Juni, Mbeya na Iringa kila mtoto ana mafua. Mafua na kikohozi havihitaji antibayotiki. Lakini koo limeuma ghafla, homa juu, tezi za shingo zimevimba, kikohozi hakuna: mpeleke kituo cha afya. Akiandikiwa vidonge vya siku 10, amalize 10, hata akianza kucheza siku ya tatu. Na aliyeambiwa achome Penadur kila wiki 3 au 4, usimkatishe kwa sababu "amepona".

Dada uliyetuma video, mama yako anayechoka akipanda ngazi akapigwe eko kwanza, ile altrasaundi ya moyo. Valvu gani, imeharibika kiasi gani, tutajua hapo. Ukipata majibu niandikie.