Simu Haikumnyang'anya Mtoto Wimbo

Imekuwa ada, kila wapenzi wa ushairi wakutanapo Unguja au Pemba, mazungumzo kuishia katika kilio kimoja: watoto wa siku hizi hawana sikio. Hawatambui mizani iliyopungua, kina kilichovunjika hakiwakeri, na wakipewa utenzi wausome huusoma kama tangazo la mnada. Kisha hutajwa mshitakiwa, naye siku zote ni simu ya mkononi. Ushahidi upo tayari. Novemba 2020 "Baby Shark", wimbo wa watoto uliotolewa na Pinkfong ya Korea Kusini, uliipita video nyingine yoyote kwa kutazamwa katika YouTube, na ulipenya hata majumbani ambamo Kiingereza hakizungumzwi kabisa.

Mashitaka haya ni mepesi mno, na wepesi wake una sababu: yanamwacha mshitaki huru. Simu haina miguu. Haikuingia yenyewe ukumbini, ikajiegemeza kwenye chupa ya chai mbele ya mtoto wa miaka 2. Kuna mkono ulioiweka hapo, na mara nyingi mkono huo huo uliweka pembeni chupa ya maji mekundu yenye sukari yaitwayo juisi, ili mtoto atulie. Mama yumo jikoni na kazi zake nne kwa wakati mmoja, na hapana haki ya kumlaumu yeye kwanza. Ami yake mtoto, malenga mwenye diwani kabatini, yupo barazani anasikitikia kufa kwa nyimbo za watoto. Kati ya baraza na mkeka wa mtoto pana hatua sita. Hajazivuka.

Yafaa ifahamike kwanza ni kitu gani kinachopotea. Mshororo wa tarbia una mizani 16, 8 za ukwapi na 8 za utao, na mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kuzihesabu kwa vidole kama anayehesabu deni. Aliyechezeshwa ukuti utotoni hakuhitaji vidole. Alizipokea mizani kwa nyayo, kwa makofi, kwa kushikana mikono na kuzunguka mpaka kuanguka. Mtoto asiyejua hata kufunga kifungo cha shati lake hujua mstari unapokwisha, kwa sababu hapo ndipo anapotakiwa kuchuchumaa. Na mtu mzima amwimbiaye akisita kabla ya neno la mwisho, akamtazama machoni, mtoto hulitoa neno lile mwenyewe kwa ukelele wa furaha. Hicho ndicho kina. Hajaambiwa jina lake, lakini amekwisha kukingojea, amekipata, na amefurahi kukipata. Kompyuta na simu haziwezi kusita kwa namna hiyo. Wimbo wa kwenye kioo hausubiri. Mtoto akijibu au asijibu, unakwenda mbele.

Lipo jambo jingine ambalo masikio ya wasomaji wa mashairi yangepaswa kulisikia mapema zaidi. Nyimbo nyingi za watoto zinazoenea leo kwa Kiswahili ni tafsiri zilizolazimishwa kuingia katika lahani za Kiingereza. Lugha ile ina maneno mengi ya silabi moja, na lahani zake hupenda kutua kwa kishindo juu ya silabi ya mwisho kabisa. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Basi neno "nyota" likitiwa mahali pa neno la silabi moja la Kiingereza, huvutwa shingo mpaka mkazo ukahamia kwenye "ta", na mtoto akalimeza hivyo. Mtu atasema ni jambo dogo. Si dogo katika lugha ambayo "barabara", ikikazwa silabi ya pili kutoka mwisho, ni njia ya magari, na ikikazwa ya tatu kutoka mwisho, ni sawasawa. Mtoto anayelishwa mikazo iliyopinda kila asubuhi, kisha akalaumiwa akiwa na miaka 17 kwamba hana sikio, amedhulumiwa mara mbili.

Haki itendeke hata hivyo. Wapo waliofanya kazi njema kwa kioo hicho hicho. Ubongo, shirika la Dar es Salaam, limekuwa likitengeneza vipindi vya Akili and Me, vyenye nyimbo za Kiswahili kwa watoto ambao hawajaanza skuli, na kazi hiyo inastahili sifa zaidi kuliko kejeli inazopata kutoka kwa watu ambao hawajawahi kumtungia mtoto hata ubeti mmoja. Lakini wimbo mzuri uliokabidhiwa mtoto aukodolee macho peke yake bado ni nusu ya wimbo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka 1 asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Pia lilihimiza kwamba mtoto akiwa amekaa, mlezi amsomee na kumhadithia. Neno la kushika hapo ni mlezi.

Na kinywaji? Wapo watakaouliza juisi ina uhusiano gani na mizani. Uhusiano ni kwamba vyote viwili vilitoka mikononi mwa watu wa nyumbani kwa wakati mmoja na kwa udhuru mmoja. Kopo la kola la mililita 330 lina sukari gramu 35 hivi. Shirika hilo hilo la Afya lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile iliyomo katika asali na juisi za matunda, isifikie asilimia 10 ya nguvu itokanayo na chakula cha siku, na ikiwezekana isifikie asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Kopo moja linamshinda mtu mzima, sembuse mtoto wa kilo 12.

Hapa ndipo watetezi wa mila huinua vichwa kwa fahari na kuutaja ukwaju, ubuyu na bungo. Waviteremshe kidogo. Jagi la ukwaju lililomiminiwa nusu kilo ya sukari si dawa kwa sababu tu alilikoroga bibi, na miwa ya Forodhani, pamoja na ndimu na tangawizi yake, ni sukari inayokamuliwa mbele ya macho ya mnunuzi. Hata juisi halisi ya tunda ina mpaka: madaktari wa watoto wa Marekani walishauri mwaka 2017 kwamba asiyetimiza mwaka asipewe kabisa, na wa mwaka 1 hadi 3 asizidishiwe mililita 120 hivi kwa siku, yaani kikombe kidogo cha chai, kisichojaa. Tunda lililosagwa zima ni bora kuliko lililochujwa, maana chujio hutupa nyuzinyuzi na kubakisha utamu. Embe bivu na ndizi mbivu hazidai sukari. Stafeli, likisha kutolewa kokwa zake zote, halidai. Ukwaju ndio unaodai kitu, na tende chache zilizorowekwa humaliza ugomvi bila ya kufungua kopo la sukari.

Itasemwa kwamba watu hawana nafasi, wala si kila nyumba ina mashine ya kusagia. Unguja ilipokosa umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, mashine nyingi zilinyamaza. Ukwaju haukuwa na habari. Hurowekwa kwa maji ya uvuguvugu, hupikichwa kwa mkono, kokwa zikatolewa moja moja. Kazi hiyo mtoto wa miaka 3 huipenda kuliko kuinywa juisi yenyewe, na ni kazi yenye mapigo: pikicha, kamua, toa. Ni dakika kumi. Barazani hutumika nyingi kuliko hizo kumjadili mtunzi mmoja aliyekosa kina.

Kosa kubwa zaidi ni la wale wachache ambao huzinduka na kuwatungia watoto. Wanachokitunga ni hotuba. Nawa mikono, kula matunda, tii wazazi, penda nchi, na kila ubeti una kidole kilichoinuliwa. Mtoto hugundua hila hiyo upesi, kama agunduavyo kidonge kilichosagwa na kufichwa ndani ya uji, naye hutema vyote viwili. Nyimbo za michezo zilizodumu hazikudumu kwa mafunzo. Zimejaa upuuzi, maneno yasiyo na maana, wanyama wasiofanana na wanyama, na mtu anayeanguka mwishoni. Ladha ndiyo iliyozibeba. Juisi nayo inywewe kwa kuwa ni tamu na baridi, na kwa kuwa mnywaji aliipikicha mwenyewe. Habari ya vitamini wasimuliane wakubwa.

Malenga atungaye beti 60 za kumsifu bwana harusi ambaye hamjui hawezi kudai kwamba beti 3 za bakuli la ukwaju zinamshushia hadhi. Avuke zile hatua sita, akae mkekani, atie mkono ndani ya bakuli pamoja na mtoto wa nduguye, aimbe alichokitunga. Mtoto akiuruka mstari wa pili mara tatu mfululizo kwa sababu hauimbiki, mstari huo ufutwe, hata kama vina vyake vimetimia.