Je, Ukimya ni Adabu Siku Zote?

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya jambo ambalo hatulizungumzi, si mabwenini wala katika mikutano ya wanafunzi wa zamani.

Kila mwisho wa muhula walimu huandika katika taarifa za wasichana wengi: "Mtulivu, ana adabu, hana matata." Wazazi wakisoma hufurahi. Maneno hayo yaliandikwa katika taarifa za mdogo wangu wa kike miaka mitatu mfululizo, nasi tulifurahi. Walakini huyo mtulivu akifika nyumbani hakusema na mtu. Alijifungia chumbani gizani mpaka jioni, na mtu akiburuta kiti sakafuni alilia kana kwamba amepigwa. Jirani mmoja alisema ana pepo. Mimi nilisema ana kiburi. Alipokuwa na miaka 14, daktari alitueleza ya kuwa ana usonji, ambao wengine huuita tawahudi.

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, si laana, wala hautokani na malezi mabaya. Ni namna ubongo ulivyojengeka tangu utotoni. Mwenye usonji huweza kupata taabu kutambua nia za watu kwa kutazama nyuso zao, au kufahamu maneno yenye maana mbili. Hupenda mambo yaende kwa utaratibu anaoujua, na kelele au nguo inayokwaruza huweza kumwumiza kuliko inavyotuumiza sisi.

Mbona basi wasichana wengi huchelewa kutambuliwa? Sababu ya kwanza ni ya historia. Mwaka 1943 Dk. Leo Kanner, huko Marekani, alieleza habari za watoto 11, na 8 kati yao walikuwa wavulana. Mwaka 1944 Dk. Hans Asperger wa Vienna alieleza habari za wavulana wanne. Waliokuja nyuma yao wakazoea kumtafuta mvulana. Kwa muda mrefu ilisemwa kuwa penye msichana mmoja mwenye usonji kuna wavulana wanne. Mwaka 2017 wataalamu waliojumlisha uchunguzi mwingi waliona ni karibu watatu, tena wakasema wasichana wengine hupitwa bila kutambuliwa.

Sababu ya pili ni kwamba wengi wao hujificha kwa kuiga. Msichana humchagua mwenzake anayependwa na watu, akaiga mwendo wake, msemo wake na hata kicheko chake. Siku moja nilimwuliza mdogo wangu, "Mbona wenzako wakicheka wewe huchelewa kidogo?" Akanijibu, "Kaka, mimi huhesabu mpaka mbili, kisha nacheka." Fikirini, ndugu zangu, kuhesabu hivyo tangu kengele ya asubuhi mpaka ya kulala! Ndiyo maana alifika nyumbani amechoka kama mtu aliyelima kutwa. Uchovu wa namna hii ukizidi, huleta wasiwasi, kukosa usingizi na huzuni nzito, nasi tukauliza, "Amepatwa na nini? Mbona alikuwa mzima?"

Sababu ya tatu ni yetu wenyewe. Daktari wa Ulaya akimwona mtoto asiyemtazama mtu machoni, hujiuliza kuna nini. Lakini hapa Uganda, katika nyumba nyingi, msichana hufunzwa kupiga magoti na kuinamisha macho mbele ya wakubwa. Simlaumu aliyetufunza heshima. Nasema tu kwamba dalili ambayo kwingine huonekana, kwetu huitwa adabu. Tena kuna hatari. Msichana anayeamini kila neno kama lilivyosemwa, naye ana hamu ya rafiki, ni rahisi kudanganywa. Tukimfundisha kutii tu, tumemwacha bila ngao. Hapana budi afundishwe pia kusema "Sitaki", nasi tumheshimu akisema hivyo.

Najua wengine watasema kuwa shule haiwezi kutunga sheria kwa ajili ya mtu mmoja mmoja. Mbona mwanafunzi asiyeona vizuri hukalishwa karibu na ubao, wala hapana anayenung'unika kuwa amependelewa? Mambo anayohitaji msichana huyu hayana gharama kubwa. Ratiba ikibadilika, aambiwe mapema. Tukisema naye, tuseme wazi, tuache mafumbo na mizaha ya kumtega. Apewe mahali pa kimya pa kupumzika wakati bwalo la chakula limejaa makelele. Akisema sauti fulani inamwumiza, aaminiwe. Wala tusimlazimishe awe na marafiki kumi. Mmoja wa kweli amtosha. Na mnaomwona akicheka kwa kuchelewa, msimcheke.

Nanyi kaka zetu mliomaliza hapa, leo ninyi ni baba, walimu, waganga na wajumbe wa kamati za shule. Mkiletewa taarifa yenye maneno "mtulivu, hana matata", msiishie kufurahi. Mwulizeni binti, "Je, mwanangu, umechoka?" Kisha ngojeni jibu, hata likikawia.

Mdogo wangu bado yuko shuleni. Siku hizi hula chakula wenzake wanapokaribia kumaliza, pamoja na rafiki mmoja asiyependa maneno mengi. Nyumbani ameanza kutusimulia habari za ndege, ambao anawajua kwa majina kuliko mwalimu wangu wa elimu ya viumbe. Taarifa yake ya muhula uliopita ilisema: "Siku hizi huuliza maswali mengi darasani." Baba aliisoma mara mbili, akaiweka pamoja na hati zake za shamba.

Wazee walinena: kimya kingi kina mshindo mkuu. Asiyekubaliana nami na ajibu katika toleo lijalo.

Mwanafunzi, Kidato cha Tano