Kalengera: Simu mpya haitatupa intaneti nzuri

Intaneti ikikawia hapa Kalengera, wengi wanasema simu yao imezeeka. Mimi sikubali. Mwaka 1998 zilitoka modemu za V.90, zilizoahidi kilobiti 56 kwa sekunde kupitia waya wa simu. Lakini kituo cha simu kikiwa cha mtindo wa zamani, ao waya ukiwa mrefu na umechakaa, zilishuka hadi 33,6 ao chini zaidi. Modemu ni ileile; njia ndiyo iliyoshindwa. Leo ni vivyo hivyo: antene moja ikibeba watu wengi mno, simu ya bei kali haisaidii kitu. Ninatuma sauti redioni, ninajua: habari ya usalama ikichelewa, raia ndiye anaumia. Makampuni ya simu yaongeze antene kwanza.