Asili Haizibi Masikio

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Hata hivyo, kijana mwenye azma ya kutunga muziki wa filamu asiifanye methali hii kuwa nta ya kuzibia masikio. A. R. Rahman, aliyezaliwa Madras, India, mwaka wa 1967, alikuwa mwana wa mtunzi wa muziki wa filamu. Babake alipofariki mwaka wa 1976, alianza angali mdogo kupiga kinanda ili aikimu familia. Alijifunza muziki wa Kikarnatiki wa India Kusini na ule wa Magharibi, akapenda pia kawali za Kisufi. Filamu ya Roja ilimtambulisha mwaka wa 1992. Mwaka wa 2009 akatuzwa Oscar mbili. Asili haikumtoka, bali ilipanuka. Asikilizaye mkondo mmoja tu, uwe wa nyumbani au wa ugenini, ataishia kuiga.