Kabla Utume Pesa, Uliza Mama Yake Yuko Wapi

Ukiingia TikTok saa hii utafute vijibwa vya kuuza Nairobi, utapatana na video ileile kila mahali: kijibwa ndani ya kikombe, riboni shingoni, muziki mtamu, na chini imeandikwa "bei njoo inboksi." Kuna mmoja tu ambaye huwa haonekani. Mama yake.

Na hafichwi kwa bahati mbaya. Mama ndiye risiti ya hiyo biashara. Ukimwona, unajua kila kitu.

Tuanze na hilo jina "Teacup". Hakuna aina ya mbwa inaitwa hivyo. Kuna Chihuahua, kuna Yorkshire Terrier, kuna Maltese, kuna Pomeranian. Teacup ni jina la soko. Mara nyingi maana yake ni kwamba mtu alichukua yule mdogo na dhaifu kuliko wenzake, akampandisha na dhaifu mwingine, halafu akapandisha na bei.

Mwili haupunguzwi hivyo bure. Kijibwa kama hicho kikikosa chakula masaa machache, sukari ya damu inaweza kushuka hadi kizimie. Utosi unaweza kukataa kufunga. Kifuniko cha goti kinateleza. Bomba la hewa linalegea, ukimvuta kwa kola anakohoa kama bata. Hayo hayaandikwi chini ya video.

Sasa mama. Mbwa wa kilo mbili ana nyonga ndogo, na watoto wana vichwa vikubwa. Mtoto akikwama na hakuna daktari wa mifugo wa kumpasua haraka, unaweza kupoteza wote. Akipona, kunyonyesha kunaweza kumshushia kalsiamu hadi apate degedege. Mimba ni kama siku 63, joto linarudi karibu kila miezi sita, na kuna watu wanampandisha kila linaporudi. Huyo wamemgeuza mashine ya ATM yenye manyoya.

Najua mtaniambia: "Wacha wivu, watu wanajitafutia." Sawa. Mimi pia niliacha chuo, sina mshahara wa mtu, najitafutia kama wewe. Lakini hata mtu wa boda anajua lazima aweke mafuta na abadilishe oili. Kama huna pesa ya operesheni ya saa nane usiku, wewe hufanyi biashara ya kuzalisha mbwa. Unacheza kamari, na dau ni maisha ya mwingine.

Uingereza walijifunza kupitia mbwa mmoja. Lucy, wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel, aliokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la kuzalisha mbwa kule Wales, mgongo umepinda kwa kuishi kizimbani. Alikufa 2016. Tangu Aprili 2020, sheria iliyopewa jina lake inataka anayeuza kijibwa cha chini ya miezi sita awe ndiye aliyekizalisha, na akuonyeshe kikiwa na mama yake pale kilipozaliwa.

Sisi tuna Sura ya 360, inayokataza kumtesa mnyama bila sababu. Lakini hakuna askari atakayegonga kila bedsita akiuliza mbwa amezaa mara ngapi. Mwenye kugonga ni wewe mnunuzi, kwa sababu pesa bado iko kwa simu yako.

Kwa hivyo enda kwa nyumba yenyewe. Kijibwa kiwe kimefikisha wiki nane au zaidi. Dai kadi ya chanjo yenye sahihi ya daktari wa mifugo, kisha umpigie huyo daktari. Uliza mama amezaa mara ngapi, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Uliza kama atamchukua tena ukishindwa kumlea. Muuzaji safi hatakasirika, atafurahi umeuliza.

Na sisi wenye kurasa, tuache kusambaza hizo video za vikombe eti ni "cute". Kila mara tunaposambaza, tunamtangazia muuzaji bure, na mama anarudishwa kazini.

Akikwambia mama ameenda ushago, mwambie hakuna haraka. Utangoja arudi.